Kuivua Rangi Ndege ya Plastiki

Kupaka rangi ni kazi ambayo kila mtu hujiona anaiweza. Kuiondoa ni kazi nyingine kabisa, na ni wachache waliopata kufundishwa. Kwa mlango wa mbao au kitanda cha chuma, kila fundi anayo njia yake: moto, msasa, kisu au thina. Lakini kitu cha plastiki, hasa kile chenye nakshi ndogo ndogo, hakistahimili hata njia moja kati ya hizo nne. Nimelichunguza jambo hili kwa muda wa majuma matatu, nami naona yafaa niwaeleze wasomaji niliyoyapata, kwani nyumba zenye watoto hazikosi kitu cha plastiki kilichopakwa rangi isiyotakiwa.

Kitu chenyewe kilikuwa mfano wa ndege. Katika soko la mitumba la hapa Busia, upande wa Kenya, pamoja na nguo huja marobota ya vitu vya kuchezea vya watoto wa ng'ambo: wanasesere wasio na nywele, malori yasiyo na magurudumu, na mara chache sana kitu kizima. Nilikiona kimoja kizima, nikakinunua kwa shilingi 150. Kilikuwa mfano wa ndege ya abiria aina ya Super VC10, urefu wake unazidi kidogo sentimita 36, yaani sehemu moja katika 144 ya ndege yenyewe. Ndege hiyo huwezi kuikosea. Injini zake nne ziko nyuma, mbili kila ubavu, na mkia wake umesimama kama herufi T. Kiwanda cha Airfix cha Uingereza kilikuwa kikitoa mifano ya namna hiyo tangu miaka ya 1960.

Sikuinunua kwa ajili ya mwanangu, ingawa yeye hakuliamini neno hilo. Mdogo wake babu yangu mzaa baba, ambaye nasi twamwita Babu, alikuwa fundi wa shirika la East African Airways huko Entebbe. Shirika hilo lilikuwa na ndege tano za Super VC10, ya kwanza ikaingia kazini mwaka 1966. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza mwaka 1977, shirika liliposimama na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Babu alirejea kwao Tororo, akalima. Sasa yapata miaka sita tangu presha ya macho ilipomaliza kuona kwake, na hata ule mwamba mkubwa wa Tororo ulio mbele ya ua wake, anajua upo kwa kuwa haujapata kuondoka.

Basi Jumamosi moja niliivusha ndege mpakani kwa bodaboda, neno ambalo lilizaliwa papa hapa petu kwa ajili ya waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka kituo kimoja hadi cha pili, kisha nikapanda teksi ya Tororo. Babu aliipokea kwa mikono miwili. Aliipapasa toka puani hadi mkiani, akarudi puani, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, umeniletea kipande cha sabuni."

Alikuwa na haki. Mwenye ndege wa kwanza, yamkini mtoto, alikuwa ameipaka rangi ya mafuta ya milangoni, nyeupe chini na buluu juu yake, nzito kama uji wa mgonjwa. Kwa mtu mwenye macho ndege ilikuwa mbaya tu. Kwa Babu haikuwapo kabisa. Mifano ya zamani huwa na mistari myembamba iliyoinuka juu ya plastiki, kuonyesha mahali mabati ya ndege yanapokutana, na milango, na mabawa madogo ya kuongozea. Mistari hiyo ndiyo maandishi yake, naye asomaye kwa vidole hana maandishi mengine. Yote ilikuwa imezikwa.

Nilimwuliza kama niikwangue kwa wembe. Alikunja uso kana kwamba nimemtukana. Katika karakana yao, alisema, ndege haikwanguliwi kwa chuma. Rangi kuukuu hulainishwa kwa dawa, kisha husukumwa kwa kipande cha mti au cha plastiki, kwani mkwaruzo mmoja katika bati la alumini ndipo ufa unapoanzia. Na katika mfano huu hatari ilikuwa kubwa zaidi: mistari iliyoinuka ikikwanguliwa au kupigwa msasa huondoka pamoja na rangi, na hapana fundi wa kuirudisha.

Niliporudi Busia nilipata ushauri mwingi kuliko nilioutaka. Fundi mmoja wa kunyoosha mabodi ya magari aliapa kwamba thina itamaliza kazi kwa dakika tano. Ili kunihakikishia alichukua lori bovu la plastiki lililokuwa chini ya benchi lake, akalimiminia. Kweli rangi ilitoka. Lakini ubavu wa lori nao ulilainika kama nta iliyokaribia moto, na alipougusa, alama ya kidole chake ilibaki hapo. Tulitazamana, akarudi kazini kwake.

Hapa ndipo msomaji apaswapo kuelewa jambo moja, kwani mengine yote hutokana nalo. Neno plastiki twalitumia kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Mabeseni na mitungi ya maji hufanywa kwa polithini au jamaa yake, ambayo haijali petroli. Mifano ya kuunganisha kwa gundi, pamoja na ule mwili wa kalamu ya Bic unaopenyeza mwanga, hufanywa kwa polistirini. Hii huyeyuka katika petroli, thina, na asetoni, ambayo ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Gundi ya mifano hutumia udhaifu huo huo: huziyeyusha kingo mbili kidogo, zikashikana na kuwa kitu kimoja. Ukitaka kujua unacho kipi, tafuta kipande kilichokatika ukitie ndani ya maji, uhakikishe hakina hewa ndani. Polistirini huzama, polithini huelea.

Kwa upande mwingine, polistirini haidhuriwi na spiriti, wala na kostiki soda. Joto ndilo hailipendi; karibu na kiwango cha maji kuchemka hulegea na kupinda, kwa hiyo aaga maji ya moto.

Nilijaribu dawa chini ya bawa, mahali pasipoonekana, kwa pamba iliyofungwa kwenye njiti. Spiriti ya dukani haikufanya lolote, kwani hiyo hufaa zaidi kwa rangi za maji. Jirani mmoja alipendekeza waragi, akajitolea kuileta. Nilikataa, kwa kuwa nusu yake na zaidi ni maji, na kwa kuwa nilimjua jirani. Mafuta ya taa yaliilowesha rangi tu bila kuing'oa. Mafuta ya breki najua huing'oa rangi ya mafuta, lakini ni sumu, na yana ladha tamu kidogo ambayo humdanganya mtoto, hivyo sikuyaingiza nyumbani.

Kilichonishangaza ni Dettol ile ya rangi ya kahawia. Pamba iliyoloweshwa kwa Dettol isiyotiwa maji, ikaachwa usiku mmoja, iliikunja rangi ya buluu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Inayo namna yake ya kutumiwa. Usiitie maji rangi ikingali imelegea, kwani hugeuka utelezi mweupe unaonata kila mahali. Sugua kwanza kwa mswaki laini uliochovywa katika Dettol ile ile, na rangi ikishatoka ndipo uoshe kwa maji na sabuni ya vyombo. Vaa glovu, fungua madirisha, na ukiwa na paka mfungie nje, maana dawa hii ni sumu kwake.

Dettol iliondoa buluu, na nyeupe ikabaki imeng'ang'ania. Hapo nilikumbuka kemia ya chuo cha ualimu. Rangi ya mafuta huitwa hivyo kwa haki, kwani kiungo kinachoigandisha hutokana na mafuta ya mimea, na mafuta yakikutana na kostiki hugeuka sabuni. Kina mama wanaotengeneza sabuni ya mche hapa Busia hufanya kazi hiyo hiyo kila juma. Kostiki, basi, huigeuza rangi kuwa sabuni na kuiacha polistirini ilivyo.

Lakini kostiki si ya mchezo, na hapa nitakaa kidogo. Tumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Usitumie sufuria ya alumini hata siku moja, kwani kostiki huitafuna na kutoa gesi inayowaka moto. Tia maji kwanza, lita moja, kisha nyunyiza kostiki polepole, vijiko viwili vya chakula, ukikoroga kwa mti. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, itakurukia. Mchanganyiko utapata joto wenyewe. Ungoje upoe kabisa kabla ya kutumbukiza kitu chako. Vaa glovu ndefu na miwani. Ikikurukia ngozini au machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, na kama ni jicho nenda hospitali hapo hapo. Mtoto akiinywa usimtapishe, kwani itamwunguza mara ya pili ikirudi, mkimbize hospitali. Mimi niliiweka ndoo katika ghala ya jembe na kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni, maana nina mtoto wa darasa la nne ambaye husoma kila kilichoandikwa "usiguse" kama mwaliko.

Baada ya siku mbili rangi nyeupe ilitoka kama maganda ya maharage yaliyoloweshwa. Iliyokuwa imejificha pembeni mwa mistari niliiondoa kwa mswaki, na penye kona kwa ncha ya mti wa kuchokolea meno. Sikuikwangua ikiwa kavu, na msomaji naye asifanye hivyo. Rangi nyingi za zamani, za manjano na nyekundu hasa, zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likiingia tumboni mwa mtoto huharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani limesema hapana kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Maganda yote niliyakusanya yangali maji maji, nikayafunga katika mfuko na kuyatupa jalalani, mbali na bustani ya mboga.

Ndege iliyobaki ilikuwa nyeupe, si nzuri, yenye madoa ya gundi. Nilipopitisha kidole juu ya bawa nilihisi mistari kama mishono ya nguo.

Nilivuka tena Jumamosi iliyofuata. Safari hii Babu hakusema neno kwa muda mrefu. Vidole vyake vilikwenda polepole, vikisimama hapa na pale, naye akitaja kwa sauti ndogo: mlango wa abiria, bawa la kuongozea, injini ya kwanza, ya pili. Nilimsomea habari nilizokuwa nimezikusanya, kwamba zile ndege nne ziligeuzwa kuwa matangi ya kunyweshea ndege nyingine mafuta hewani katika jeshi la Uingereza, zikapakwa rangi za kijeshi, na kwamba mbili kati yake ziliruka hadi Septemba 2013. Aliuliza ni zipi. Nikamwambia ni zile mbili zilizokuwa na herufi 5H za Tanzania. Alitikisa kichwa. Ile ya 5X-UVJ ya Uganda ndiyo aliyotaka kuisikia.

Kisha vidole vilirudi ubavu wa kushoto, karibu na pua, vikapapasa pale pale mara tatu.

"Hii si yetu," alisema. "Zetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo hapa. Hii ni ya BOAC."

Naye alikuwa sahihi, kwani ndege za Afrika Mashariki ziliagizwa na mlango huo wa mizigo, na zile za BOAC hazikuwa nao. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuigusa ndege hiyo, na bado mkono wake ulijua mahali pa kuutafuta mlango. Chini ya rangi ile ya mafuta asingeligundua jambo hilo milele, nasi tungeendelea kumpa sifa za ndege isiyokuwa yake.

Sindano ya kushonea ilitafutwa. Babu alionyesha kwa vidole mlango ulikoanzia na ulikoishia, mimi nikaweka rula ndogo ya chuma, nikapitisha sindano polepole mara nyingi, bila kukandamiza, mpaka plastiki ikachimbika mfereji mwembamba. Mlango wetu umezama na milango mingine imeinuka, lakini Babu asema hilo lamfaa, kwani autambua upesi zaidi.

Kuhusu kuipaka rangi upya, shauri lilikwisha mle mle uani kwamba haitapakwa. Mwanangu ndiye aliyelia, akitaka angalau mkia upate rangi za bendera. Babu amekubali mkia peke yake, kwa masharti kwamba rangi isiwe ya mafuta, na ipakwe mara moja tu, nyembamba.