Ngoja Sura Iishe

Baba alifundisha Kiingereza miaka mingi. Macho yalipofifia, nikamwekea riwaya za kusikiliza kwenye simu. Ya kwanza aliizima baada ya dakika kumi. "Huyu hasomi, anaigiza," akasema. Kweli bwana: kila mwanamke kapewa sauti nyembamba, kila penye kilio msomaji analia.

Nikamtafutia Beloved, riwaya ya 1987, inayosomwa na Toni Morrison mwenyewe. Anasoma taratibu, sauti ya chini, kama mtu anayekupa siri. Mimi, niseme ukweli, nilisinzia. Baba hakusinzia. Nilichojifunza ni kwamba msomaji mzuri hatumalizii kazi. Kulia anatuachia sisi.

Usiku ule nilipomwita mezani, alininyooshea mkono tu: "Ngoja sura iishe."