Je, Nyota ya Mtu Ina Mji Wake?

Katika mitaa ya Mabibo tunakokaa, ni nguzo chache za umeme zisizokuwa na kibao. Maneno ya vibao hivyo hayapishani sana: mganga fulani ametoka mbali, husafisha nyota, hurudisha mali iliyopotea, tena hutazama kama mahali akaapo mtu panakubaliana na nyota yake. Neno hilo la mwisho ndilo tutakalo kulinena leo, kwa kuwa twaona linawasumbua wengi, hata baadhi ya wale tuketio nao kanisani siku ya Jumapili.

Mabibo ni mji wa watu waliotoka mbali. Jina lake ni la tunda la mkorosho. Zamani ulihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa umo katika Wilaya ya Ubungo. Humu wamo watu wa Kagera na Kilimanjaro, wa Mbeya na Kigoma, wa Lindi na Mtwara, na kila mmoja alikuja na tumaini lake. Tumaini likikawia, mtu hujiuliza usiku, “Je, kosa ni langu, au ni la mahali hapa?” Swali hilo si baya, maana wako watu waliofaulu baada ya kuhama. Lakini yafaa tuangalie ni nani tunayemwendea atujibu, na jibu lake limejengwa juu ya nini.

Tuanze na elimu ya nyota kama ilivyo hapa pwani. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana Afrika Mashariki yote kwa utabiri wake wa nyota. Lakini elimu hiyo ilikuwako kabla yake, nayo ilikuja na vitabu vya Kiarabu. Mbingu imegawanywa katika buruji 12: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu, ndizo ziitwazo magazetini Punda, Ng’ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Buruji hizo zimegawanywa tena kwa tabia nne, yaani moto, udongo, upepo na maji, na kila tabia imepewa upande wake wa dunia. Za moto ni za mashariki, za udongo ni za kusini, za upepo ni za magharibi, za maji ni za kaskazini. Hapo ndipo nyota ya mtu inapofungwa na mahali.

Sasa mtu hujuaje buruji yake? Kwa njia iliyo mashuhuri hapa kwetu, mwenye kupiga hesabu haulizi siku ya kuzaliwa. Huuliza jina la mtu na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea mpaka 1,000. Hujumlisha majina mawili, hugawanya kwa 12, na kinachobaki ndicho buruji.

Na tujaribu wenyewe. Mtu aitwa Daudi, mama yake ni Mariamu. Daudi kwa herufi za Kiarabu ni 4 na 1 na 6 na 4, jumla 15. Mariamu ni 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Yote pamoja ni 305. Ukigawanya kwa 12 hubaki 5, basi nyota yake ni ya tano, Simba, nayo ni ya moto, na upande wake ni mashariki. Lakini mtu huyohuyo nyumbani kwao huitwa Yusufu, maana Daudi ni jina alilopewa siku ya ubatizo. Yusufu ni 10 na 6 na 60 na 80, jumla 156. Pamoja na 290 ya mama yake ni 446. Ukigawanya kwa 12 hubaki 2, basi sasa nyota yake ni Ng’ombe, ya udongo, na upande wake ni kusini. Je, aende wapi maskini huyu? Akilifuata jina la ubatizo na aelekee mashariki, atapita Magomeni na Kariakoo, kisha ataikuta bahari. Akilifuata jina la nyumbani, atakwenda Temeke na Mbagala mpaka Rufiji. Mtu ni mmoja, mama ni mmoja, riziki ni moja, lakini hesabu imempa nchi mbili.

Pengine msomaji atasema, “Hayo ni ya kwetu, Wazungu wana elimu iliyo bora zaidi.” Haya, na tuitazame ya kwao. Ptolemy, mwanachuoni wa Iskanderia katika karne ya pili, aliandika kitabu cha nyota ambamo aliwagawia mataifa buruji zao. Uingereza na Ujerumani aliziweka chini ya Hamali. Italia aliiweka chini ya Asadi. Naye hakutusahau sisi: Azania, jina ambalo Wayunani waliiita pwani ya Afrika Mashariki, aliiweka chini ya Dalu, pamoja na Arabuni. Basi kwa hesabu yake pwani nzima ina nyota moja, tajiri na maskini, mwenye nyumba na mpangaji.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Jim Lewis, aliyefariki mwaka 1995, alieneza njia nyingine. Yeye alisema hivi: dakika ile mtoto azaliwapo, kila sayari huwa inachomoza mahali fulani duniani, inatua mahali pengine, iko juu kabisa mahali pa tatu, na iko chini kabisa upande wa pili wa dunia. Mahali hapo pakiunganishwa huwa mistari juu ya ramani. Wanaomfuata husema kwamba mtu akikaa karibu na mstari wa Zuhura atapata mapenzi, karibu na Mshtarii atapata mali, karibu na Mirihi atapata ugomvi, na karibu na Zohali atapata taabu. Siku hizi vijana huipata ramani hiyo katika simu zao, wakaizunguka dunia kwa kidole wakitafuta mji wa bahati yao.

Hesabu ya kuchora mistari hiyo ni ya kweli, kwa maana dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Ndiyo sababu mtu atokaye hapa kwenda Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, huona jua la huko likichwa nyuma ya letu kwa dakika karibu 40. Lakini angalieni yanayofuata. Digrii 1 karibu na Ikweta ni kilomita 111 hivi. Basi saa ya kuzaliwa ikikosewa kwa dakika 4 tu, mstari uliopita juu ya Mabibo utahama mpaka upite Chalinze. Ikikosewa kwa saa nzima, utaingia ndani ya Kongo na kuupita Kisangani. Nasi twajua jinsi wengi wetu tulivyozaliwa. Muulize bibi saa ya kuzaliwa kwako, naye atakuambia, “Ulizaliwa jogoo la pili, mvua ikinyesha.” Ni nani awezaye kuchora mstari kwa jogoo la pili?

Tena hata saa ikijulikana sawasawa, bado kuna neno. Watoto wawili wazaliwao dakika moja katika hospitali ya Mwananyamala wana ramani moja. Je, wote wawili watafanikiwa katika mji mmoja na kuumia katika mji mmoja? Watu wa elimu nao wamepima jambo hili. Mwaka 1985 Mmarekani Shawn Carlson alitangaza katika jarida la Nature jinsi alivyowajaribu wanajimu. Kila mara walipewa chati ya kuzaliwa ya mtu mmoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yaliyo ya mwenye chati. Walipata moja katika tatu, sawa na mtu anayebahatisha.

Hatusemi haya ili tuwacheke watu. Twayasema kwa sababu tumeona gharama yake. Jirani yetu mmoja, mama auzaye ndizi, alitujia jioni na karatasi mkononi. “Shikamoo, Mwalimu. Nisomee hapa.” Ilikuwa hesabu ya nyota yake. Ameambiwa yeye ni wa moto, na Mabibo, kwa kuwa iko karibu na bonde la Msimbazi, ni mahali pa maji. Maji huuzima moto, ndiyo maana biashara yake inakufa. Ahame, ama alete Sh. 80,000 ili mahali pafungwe. Fedha hizo alikuwa nazo, nazo zilikuwa za sare na madaftari ya binti yake aliyekuwa akiingia sekondari.

Tukamwambia, “Mama, fedha hizo zitalala kwako wiki mbili tu. Kwanza tuandike.” Akakubali, kwa shingo upande. Kila jioni binti yake akaandika katika daftari: mikungu iliyonunuliwa, bei yake, saa ya kununua, iliyouzwa na iliyotupwa. Wiki mbili zilipokwisha tuliona jambo moja wazi. Alifika sokoni saa tatu, baada ya kupika na kufua, na magari ya ndizi yamekwisha kufunguliwa tangu alfajiri. Zilizokuwa ngumu zimekwisha kuchukuliwa, naye hukopeshwa zilizoanza kulainika, kwa bei ya dalali. Katika kila mikungu 10 alitupa 2. Faida yake yote ilikuwa katika ile miwili.

Akapatana na mwenziwe: mmoja aende alfajiri kununua kwa wote wawili, mwingine abaki na watoto, kisha wabadilishane. Hakuwa tajiri, ila deni lilikwisha, na binti akaingia shuleni na madaftari yake. Baadaye alihama Mabibo, akaenda Mbagala kwa dada yake, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa nafuu na dada atamsaidia watoto. Alihama kwa sababu aliyoweza kuitaja mbele ya mtu yeyote, wala hakumwachia mtu fedha za mtoto.

Tungependa ieleweke kwamba hatuzidharau nyota. Mwenyezi Mungu aliziweka ziwe alama za nyakati, na wazee wetu walizitumia hivyo. Wakulima walitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima. Mabaharia wa majahazi walipokwenda Arabuni waliitazama Nyota ya Kaskazini, waliyoiita Jaa, ambayo hapa Mabibo haionekani, kwa kuwa tu karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Kadiri chombo kilivyopanda kaskazini ndivyo ilivyoinuka, nao wakajua wamefika wapi. Ndugu zetu Waislamu nao huitumia falaki kujua saa za sala na upande wa kibla, na masheikh wengi hukataza kabisa utabiri. Basi nyota zaweza kumwonyesha mtu mahali alipo. Hazimwambii atakuwa mtu wa namna gani hapo alipo.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kupoteza fedha. Atakaye kujua sababu ya taabu yake kwa ramli, leo ataambiwa ni mahali, kesho ataambiwa ni jirani. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, baada ya kumwagwa damu ya ndugu zetu wenye ualbino. Njia hiyo huanza kwa swali dogo la bahati, na wengine wameifuata mpaka mwisho wake mbaya.

Tukivifungua Vitabu Vitakatifu twaona kwamba Ibrahimu alitoka Uru wa Wakaldayo, na Wakaldayo walikuwa mashuhuri kwa kusoma nyota. Mungu alipomwita hakumpa ramani ya bahati; alimwambia aende nchi atakayoonyeshwa, naye akaenda. Watoto wake walipochukuliwa mateka mpaka Babeli, mji wa wanajimu, nabii Yeremia aliwaandikia barua. Hakuwaambia kwamba mahali pale hapawafai. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee mji ule amani, kwa maana katika amani yake wao nao watapata amani.

Basi, wasomaji wapenzi, kama mahali mlipo pamekuwa pagumu, ketini na daftari kabla ya kuketi na mganga. Andikeni mnachopata na mnachotumia. Waulizeni waliowatangulia katika kazi hiyo. Mtoto akiugua, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Na ikiwapasa kuhama, hameni mchana, mkiwaaga majirani, mkijua mnakokwenda na kazi mtakayoifanya. Nasi walimu, pamoja na wazee wa kanisa, tusingoje watu waje na karatasi zao mkononi. Yatupasa tuwatembelee wageni wa mitaa yetu mapema, tuwaonyeshe soko, shule na zahanati, ili wasimkute mwenye kibao kabla ya kutukuta sisi.