Mtambo Usiosema Mpaka Uulizwe

Zama nilipoingia kazi ya ufundi katika maabara ya chuo kimoja cha Dar es Salaam, nikitokea kwetu Makoongwe, kisiwa kidogo kinachoelekeana na bandari ya Mkoani, ambako siku hizo taa zetu zilikuwa za mafuta na hapana aliyehitaji kujua mawimbi mengine ila ya bahari, mtambo wa kutoa mawimbi ya redio ulikuwa ni kitu cha kusimamiwa mbele yake. Wetu ulikuwa Hewlett-Packard 8640B, sanduku zito lenye vifundo vingi, liwezalo kutoa masafa tangu kilohezi 500 hata megahezi 512. Na aliyetaka kujua hali yake alitazama tarakimu zinazowaka, mshale wa mita, na upande kilikoelekea kifundo cha nguvu, akatosheka.

Kisha ikaja mitambo yenye mlango wa pini 24 mgongoni. Kanuni ya mlango huo, ambayo asili yake ni kazi ya Hewlett-Packard wenyewe, ilitangazwa mwaka 1975 kwa jina la IEEE 488. Iliruhusu vyombo visivyozidi 15 katika njia moja, na nyaya zote kwa jumla zisipite mita 20, yaani fundi aliweza kuhama meza lakini si kuhama chumba. Ila kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na ikhtilafu hiyo ilitutaabisha mpaka zilipotoka IEEE 488.2 mwaka 1987 na SCPI mwaka 1990. Tangu hapo ukiandika *IDN? mtambo hutaja kiwanda chake, aina yake, namba yake na toleo la programu yake, ukiandika OUTP? hujibu 1 ikiwa mlango wa kutolea mawimbi umefunguliwa, au 0 ikiwa umefungwa.

Wanafunzi waliona hayo ni maongezi, nami sikukubaliana nao, kwa kuwa mtambo hautoi jawabu ila la suali lililoulizwa, na baadhi ya masuali huibadili hali yenyewe inayoulizwa. Chukua *ESR?, inayosoma rejista ya matukio: ikirudisha 32, amri haikufahamika, ikirudisha 16, imefahamika lakini haikuwezekana kutimizwa, na mara tu ikiisha kusomwa, rejista hufutika, hata akitokea mwenzako kwenye mtambo ule ule akauliza baada yako, ataambiwa 0 naye ataondoka akiamini kwamba hapakutokea jambo. Kadhalika SYST:ERR? hutoa makosa moja moja, la kale kwanza, hivyo asiyeendelea kuuliza mpaka ajibiwe 0 hubaki na habari ya kosa la jana, ilhali la leo lingali foleni. (Aghalabu ni -222, alama ya kwamba mtu ametaka kiasi kilicho nje ya mipaka.)

Mitambo ya siku hizi huungwa kwenye mtandao, mingi kati yake ikisikiliza katika mlango namba 5025, na ile mipaka ya mita 20 imeondoka. Mimi nimestaafu na kurejea Makoongwe. Mpwa wangu, aliyerithi kazi ile, amenifungulia njia yenye ulinzi, na simu yangu ikishika mnara wa upande wa Mkoani huuliza hali ya mtambo ulio ng'ambo ya bahari nami nimekaa barazani. Siku moja FREQ? ilinijibu 100000000 na OUTP? ikanijibu 1, majawabu yasiyo na ila, na papo hapo mpwa wangu akaniambia kwa simu, "Mjomba, waya wenyewe haujachomekwa." Mtambo haukusema uongo: ulieleza ulivyoamrishwa, si kilichofika mwisho wa waya. Nikamwomba afunge huko mwishoni chombo cha kupimia nguvu, nacho kiwe na anwani yake, ili mashahidi wawe wawili. Na wanapokhitilafiana, ushahidi ninaoupokea ni wa kipimo.