Idjwi, kisiwa cha katikati ya Ziwa Kivu

Sisi wa Pinga maji tunayoyajua ni ya mito na ya mvua. Mtoto wa huku akisikia neno "ziwa" anafikiri bwawa la kufugia samaki. Lakini ukishuka kwa Kalembe, Mweso, Kitshanga na Sake, mwisho wa njia unakuta maji mapana ambayo ng'ambo yake ni milima ya bluu kwa mbali. Ndilo Ziwa Kivu. Na katikati yake kuna teritware nzima ambayo hakuna gari linaloweza kukufikisha: Idjwi.

Tunaposoma Injili tunasikia habari za ziwa la Galilaya, mashua na wavuvi wake. Galilaya ina kilometa za mraba kama 166. Kivu ina karibu 2,700, maana yake Galilaya kumi na sita zingeenea ndani yake. Kina cha Galilaya ni kama meta 43. Kivu inapita meta 480 mahali penye kina kirefu. Nayo iko juu sana, karibu meta 1,460 toka usawa wa bahari, ndiyo maana asubuhi baridi inauma hata kama tuko karibu na ikweta.

Wenye elimu ya udongo wanaeleza kwamba zamani maji ya bonde hili yalikuwa yanakwenda kaskazini, upande wa mto Nile. Volkano za Virunga zikatapika, zikafunga njia kama mtu anavyofunga kijito kwa mawe. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, hata yakapata mlango upande wa kusini. Huo ndio mto Ruzizi, unaopeleka maji Tanganyika. Vilima virefu vilibaki vimetoa vichwa nje. Kwa hiyo Idjwi ni mlima uliozungukwa na maji, nao ni mkubwa: kilometa za mraba zaidi ya 300. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe tu ya Tanzania inayoupita.

Nilivuka mara ya kwanza mwaka 2018, kwa bwato la mbao lenye motere, kutoka soko la Kituku pale Goma. Kando yangu alikaa muzee mmoja mwenye gunia la chumvi. Nikamwuliza, "Papa, kule kwenu kuko barabara muzuri?" Akacheka. "Mutoto wangu, kuko njia ya miguu. Barabara yetu ni hii." Akaonyesha maji kwa mkono.

Wenyeji ni Wahavu, pamoja na Batwa, ambao walitolewa porini na wengi wao mpaka leo hawana shamba la kusema ni langu. Kisiwa kina tawala mbili za mwami: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Ofisi ya teritware iko Bugarula. Hospitali kubwa ya kusini iko Monvu, na mgonjwa wa kupelekwa mbele zaidi anasubiri bwato kama wengine.

Sasa nifike kwa jambo lililonishangaza, mimi mtoto wa Masisi na Walikale. Watu wa kule wanalala. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilipozunguka ziwa lote, Idjwi haikuchomwa kama bara. Mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walifika huko, na baadaye Wakongomani wenzetu nao wakavuka kutafuta usingizi. Nilikuta vijana wa miaka ishirini ambao hawakujua mlio wa bunduki kwa masikio yao. Huku kwetu mtoto wa miaka sita anaweza kukuambia ni silaha ya aina gani.

Ukiwauliza sababu, wanajibu kwamba wao ni watu wa amani. Sikatai. Lakini niliyekua karibu na mashimo ninaongeza neno langu: madini ya Idjwi ni kidogo. Hakuna Bisie kule. Hakuna mlima wa kasiterite wa kufanya watu wauane, na mwenye bunduki akitaka kuja ni lazima apate bwato kwanza. Hata hivyo maji si ukuta wa milele. Karne ya 19 mfalme Rwabugiri wa Rwanda alivuka na mitumbwi yake, na Kabego, mfalme wa Idjwi, aliuawa. Mwaka 1910 Wazungu walikata mpaka na kisiwa kikabaki kwa Wabelgiji; mwaka 1914 Wadachi wakakikamata, wakakaa mpaka 1916. Tena mwanzoni mwa 2025 miji miwili ya ncha za ziwa, Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, iliingia mikononi mwa M23. Soko la Idjwi ni hiyo miji. Inapotikisika, sufuria za kisiwani zinatikisika pia.

Maana amani haikuwaletea mali. Watu ni wengi mno, zaidi ya laki mbili juu ya mlima ule mmoja. Baba anagawia watoto shamba, nao wanagawia wao, hata mwingine anabaki na mistari michache ya maharagi. Miguu ya migomba iliponyauka kwa ugonjwa, watu walikosa chakula na kasiksi ya kuuza kwa mara moja.

Kahawa ndiyo ilikuwa feza yao. Lakini kwa miaka mingi bei ya huku ilikuwa ya kuchekesha, basi wanaume walipakia magunia usiku katika mitumbwi midogo kwenda kuuza Rwanda kwa uficho. Upepo wa Kivu unaamka bila hodi. Wengi walizama, na kisiwani kuko mama wengi ambao ukiwauliza habari ya bwana wanajibu neno moja tu: "Kahawa." Tangu miaka ya 2010 vyama vya wakulima vimejenga mahali pa kuosha kahawa, na sasa ile ya Idjwi inanywewa Ulaya na Marekani kwa jina lake. Katika vyama hivyo wajane nao ni wanachama.

Sambaza tunaowala wamekauka hapa Pinga, nao hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kutosha. Wanavuliwa usiku usio na mwezi: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa, sambaza wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Wavuvi wanapiga kasia wakiimba, na ukilala karibu na pwani unawasikia mpaka alfajiri.

Chini kabisa ya maji kuna kitu kingine: gazi, metani na kaboni, nyingi sana. Wanaoishi Sake na Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mashimoni na kuua mbuzi, hata watoto. Ziwani iko ileile kwa wingi. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos kule Kameruni lilitoa gazi ya namna hiyo usiku mmoja, watu karibu 1,700 wakafa. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliingia Kivu, na gazi haikuamka. Rwanda inatoa metani na kufanya umeme tangu miaka kadhaa. Upande wetu, Idjwi usiku ni giza.

Siku ya kurudi bwato lilijaa hata mimi nilikaa juu ya makaa. Nikamwuliza kijana wa bwato habari ya jile. "Ziko, ya," akasema, "lakini zimefungiwa." Aprili 2019 bwato moja lilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia wakapotea, Rais Tshisekedi alifika, akaamuru kila abiria avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, barabara ya Minova ikiwa imefungwa na vita, bwato lililobeba watu mara tatu ya kiasi chake lilipinduka karibu na Kituku, watu wa pwani wakitazama. Makumi walikufa. Basi mzazi, ukituma mtoto kusoma Goma au Bukavu, mpe pamoja na feza ya safari neno hili: avae jile kabla ya kulipa, na bwato likiwa limejaa alale pwani.

Nilibeba nanasi mbili, maana za Idjwi ni tamu kuliko zote nilizokula. Moja ilioza Kitshanga. Nyingine ilifika Pinga, na watoto wakaniuliza kama iliota ndani ya maji.