Tafakari ya Juma: Nguvu Inayokubali Kubeba



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba tuwapeleke gereji. Si mahali ambapo tafakari zetu huanzia, lakini huko ndiko tulikopata somo ambalo hatukulipata mezani petu.

Yupo mzee mmoja katika mojawapo ya Jumuiya Ndogo Ndogo za hapa Madale. Enzi za kazi yake alijinunulia pikipiki kubwa, zile nzito za safari ndefu, zenye kiti cha chini na uma wa mbele uliolala. Uzito wake wakaribia kilo 300. Miaka 3 iliyopita mkewe alipatwa na kiharusi, na tangu hapo upande mmoja wa mwili wake hauna nguvu. Bajaji zipo, lakini mguu usiokunjika hauingii vema nyuma ya kiti cha dereva. Mzee akaamua kuifungia pikipiki yake kigari cha pembeni, ili mama akae humo amenyoosha miguu, afike kanisani.

Tulipoombwa kuja kukibariki chombo hicho, tulidhani ni kazi ya siku moja: mabomba kadhaa, kuchomelea, bolti nne. Fundi wake kule Tegeta alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Baba, kufunga ni rahisi. Kazi ni kuifanya pikipiki ikubali.”

Akatueleza. Pikipiki ikiwa peke yake huingia kona kwa kulala. Ikifungwa kigari hailali tena. Hugeuzwa kwa usukani na kwa nguvu za mikono. Na ule uma uliolala, unaoipa utulivu katika barabara iliyonyooka, ndio huufanya usukani uwe mzito mno chombo kinapokuwa na magurudumu matatu. Ikabidi vibadilishwe viungo vinavyoushika, ili usukani ugeuke kwa wepesi. Springi laini za starehe zikaondolewa, zikawekwa ngumu. Sproketi ya nyuma ikawekwa kubwa zaidi: kasi ikapungua, nguvu ya kuvuta ikaongezeka. Na kwa kuwa fremu ya pikipiki haikutengenezwa kuvutwa ubavuni, fundi aliunda fremu ndogo chini yake, kigari kikashikwa mahali pane, pawili chini na pawili juu.

“Haitalala tena kwenye kona, Mzee,” fundi alimwambia. “Raha ile uisahau.”

“Nimekwisha kuisahau,” mzee akajibu, akaendelea kushika taa.

Vikafuata vipimo. Kwa kuwa nchini kwetu twaendesha upande wa kushoto, kigari kilikaa kushoto. Gurudumu lake likatangulizwa mbele ya gurudumu la nyuma la pikipiki kwa sentimita 20 hivi. Mbao mbili zilizonyooka zikalazwa kando ya matairi, na nafasi iliyo kati yake ikafanywa nyembamba zaidi mbele kuliko nyuma, kwa sentimita 2 tu. Vipimo hivi vikikosewa, chombo huvuta upande mmoja, na dereva hupigana nacho njia nzima. Pikipiki nayo ikaachwa iegemee nje kidogo, ili isimame wima ikishapata mzigo.

Jambo lililotushangaza kuliko yote ni kwamba kigari kitupu ni cha hatari kuliko kilichobeba mtu. Ukikata kona ya kushoto kwa kasi, gurudumu lake huinuka hewani. Ukiongeza mwendo ghafla, chombo huvutwa kushoto. Ukifunga breki, hukimbilia kulia, ndiyo maana gurudumu la tatu nalo likawekewa breki. Basi kwa majuma mawili mzee alijifunza upya kuendesha, kiwanjani, akiwa amepakia mifuko ya mchanga mahali atakapokaa mkewe.

Wapendwa, tulirudi nyumbani kimya, nasi tunawiwa kuwaambia sababu.

Mwaka jana, siku ya kikao cha kamati ya ujenzi, simu iliita. Mama mmoja mgonjwa wa siku nyingi alikuwa amezidiwa, naye aliomba Mpako Mtakatifu. Tulijibu kwamba tutafika jioni, kikao kikiisha. Gari lilikuwa uani, limejaa mafuta. Jioni tulipofika, wanajumuiya walikuwa wamekwisha kuanza rozari ya marehemu. Binti yake alitupokea kwa heshima, akatupa kiti. Kiti kile tunakikumbuka hadi leo.

Mwaka 1927, Padre Paul Schulte, Mjerumani, alianzisha shirika la MIVA la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake padre kufariki barani Afrika kwa kukosa chombo cha kumfikisha hospitalini. Kwa rafiki yule chombo kilikosekana. Kwetu kilikuwepo, tulichokosa ni utayari wa kuibadili ratiba yetu.

Hapo ndipo tulipomwelewa fundi. Mara nyingi tunawafunga wagonjwa ubavuni mwa parokia kwa bolti nne: jina katika orodha, tangazo moja, sala moja ya waamini. Sisi wenyewe tunabaki vilevile, na kasi yetu ileile, kisha tunashangaa kwamba usukani ni mzito. Wale watu wanne wa Kapernaumu hawakumngoja mwenye kupooza aupate mlango. Walilifungua paa. Nyumba ndiyo iliyobadilika.

Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992, mzee alimleta mkewe. Alikuja polepole, na mama alikuwa amefunga kilemba chake cha sikukuu. Walifika hadi mlangoni mwa kanisa, wakasimama. Kwa nini? Kwa sababu ya ngazi. Ngazi tano, ambazo tumezipanda kila siku bila kuzihesabu. Vijana wanne wa kwaya walishuka wakambeba.

Kwa hiyo, wapendwa, mambo mawili. Fedha za kwanza za ujenzi zitatengeneza njia ya mteremko kando ya ngazi hizo, kabla ya mnara, kamati imekubali. Na viongozi wa Jumuiya watuletee, kabla ya Ijumaa, majina ya wagonjwa wote walio majumbani. Simu ya mgonjwa ikiita wakati wa kikao, kikao kitasimama. Tukisahau, tukumbusheni bila kuogopa.

Tumwombe Bwana atubadilishe kwanza, ndipo atupe wa kubeba.

Mungu awabariki nyote.