Kabla hujanunua laptop mpya, jibu maswali haya

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, lakini nikifika nyumbani Mbinga ndugu hawaniulizi dawa ya kikohozi. Wananiuliza kompyuta. Ukiwa umesoma chuo kikuu, ukoo mzima unakuhesabu fundi wa kila chenye waya. Siku hizi swali ni moja: "Laptop yetu wanasema imepitwa na wakati, tuweke Windows gani?"

Swali hilo lina chanzo. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, inaendelea kuwaka kama zamani. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yaani yale yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni na virusi hupitia. Kuhamia Windows 11 nako si rahisi, kwa sababu inadai RAM isiyopungua GB 4, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptop nyingi za mtumba tulizonazo majumbani hazifiki hapo.

Mama yangu mdogo anaishi Mbamba Bay na anauza usipa. Mumewe, aliyekuwa mwalimu, alimwachia laptop. Kitinda mimba wao alipomaliza kidato cha sita, ilihitajika kwa maombi ya chuo na ya mkopo wa HESLB. Dukani wakamwambia hiyo ni ya kutupa, anunue mpya. Akanipigia simu.

"Mwanangu, nilichonacho ni hela ya nauli na godoro la mtoto. Nikinunua laptop, ataendaje chuo?"

"Mama, hiyo kompyuta mnaifanyia nini hasa?"

Akanitajia: kuandika barua, kufungua PDF, kuingia mtandaoni, kuangalia video za kwaya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na picha za baba yenu zimo humo."

Katika orodha hiyo hakuna hata kimoja kinacholazimu Windows. Maombi ya HESLB na ya vyuo hufanyika kwenye kivinjari, kile unachofungulia intaneti, na kivinjari kipo kwenye kila mfumo endeshi. Nikampendekezea Linux Mint. Ni mfumo wa bure, unakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, na unakuja na LibreOffice inayofungua nyaraka nyingi za Word. Jambo jingine lililonivutia kwa ajili ya familia inayonunua bando kwa kupima ni kwamba, kwa kawaida, Mint haishushi masasisho mpaka mwenyewe ukubali.

Faili lake ni kama GB 3, nikalishusha nikiwa Mbinga mjini na kuliweka kwenye flashi. Nilipofika ziwani tulianza na picha. Tulizinakili sehemu mbili, tukazifungua kuhakikisha zipo, ndipo tukaendelea. Kisha tuliwasha Mint moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, tukajaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Vilipofanya kazi vyote ndipo tukaiweka. Mtoto aliizoea siku hiyohiyo. Mama mdogo ilimchukua muda zaidi, ila alijua folda ya picha iko wapi, na hilo ndilo alilolitaka.

Sisemi kila mtu ahamie Linux. Binamu yangu anatunza hesabu za kahawa kwa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Huyo nilimwambia abaki Windows 10, ajiunge na mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa masasisho hadi Oktoba 13, 2026, na huku aweke akiba taratibu ya mashine inayokubali Windows 11. Pia umfikirie fundi. Mafundi wengi wa kwetu wanaijua Windows. Wa Linux unaweza kumtafuta mpaka Songea. Kama hakuna kijana nyumbani wa kusaidia, unafuu wa bei unaweza kugeuka usumbufu.

Ninachokataa kabisa ni ile Windows "iliyovunjwa", fundi anayokupigia kwa elfu chache kutoka kwenye flashi iliyozunguka kompyuta za mji mzima. Ni sawa na kununua vidonge visivyo na lebo mnadani. Vingine vitakuponya, lakini hujui umemeza nini. Programu za kuvunjia kufuli mara nyingi hubeba virusi, na kompyuta hiyohiyo ndiyo mnayoingizia nywila za barua pepe na namba ya NIDA.

Wapo wanaoona mifumo ya bure ni ya wageni. Siyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyo. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, ambayo ndiyo msingi wa Linux Mint.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujafungua pochi jiulize: tunaifanyia nini kompyuta hii? Je, kuna programu ya kazi au ya shule inayolazimu Windows? Ikiharibika usiku wa kuamkia mwisho wa maombi, nani atatusaidia? Majibu hayo ndiyo yatakayochagua mfumo. Na vyovyote utakavyoamua, usimkabidhi fundi kompyuta kabla hujanakili picha na vyeti. Mfumo huwekwa upya kwa saa moja. Picha ya marehemu ikifutwa, hakuna duka linaloiuza.