Masoni wa Newcastle walioenda Ujerumani, na sehemu ambazo wapenzi wao hawachoki kurudilia

Huko Uingereza kuna filamu ya televisheni inayoitwa Auf Wiedersehen, Pet. Maneno mawili ya kwanza ni ya Kijerumani, maana yake ni kwaheri ya kuonana. Hilo la mwisho ni neno la watu wa Newcastle, mji wa kaskazini mashariki, ambako mama muuza mkate anaweza kumwita hata mteja asiyemjua "kipenzi". Kwa hiyo jina lote ni kwaheri ya mtu anayeacha bibi nyumbani na kwenda kutafuta kazi katika nchi ya wengine.

Ilianza kuonyeshwa tarehe 11 Novemba 1983 kwenye chaneli ya ITV, na hadi leo wapenzi wake wanairudilia. Wengine wameitazama yote mara nyingi, lakini kila mmoja ana sehemu yake ya moyoni, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Hadithi yenyewe ni ya kawaida. Wakati huo Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni tatu wasio na kazi, na kaskazini mashariki ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Franc Roddam, mtengeneza filamu mwenye asili ya huko, alipata wazo lake kwa mafundi wa kwao waliokuwa wakivuka bahari kwenda kujenga nyumba za Wajerumani. Dick Clement na Ian La Frenais ndio waliandika. Wanaume saba wanajikuta kwenye shantie moja ya Düsseldorf, wanalala ndani ya kibanda kimoja cha mbao. Watatu ni masoni wa Newcastle: Dennis, mkubwa wao, ambaye ndoa yake inavunjika, Neville, kijana aliyeoa juzi na anayemlilia bibi yake Brenda, na Oz, mlevi, mwenye mdomo mchafu, ambaye hataki kusikia habari ya Mjerumani hata akiwa anakula mshahara wake. Wengine ni Wayne, seremala wa London asiyetulia mbele ya wanawake. Barry, fundi umeme ambaye akianza kueleza jambo wenzake wanatafuta mlango. Moxey wa Liverpool. Na Bomber, pande la mtu kutoka magharibi.

Wengi wa wapenzi wanaanza na zile sehemu mbili za kwanza. Katika ya pili, bomu la vita vya pili vya dunia linaonekana palepale wanapochimba. Kinachochekesha ni kwamba karibu miaka arobaini imepita tangu Waingereza washinde vita, na sasa washindi ndio wanaolala kwenye kibanda kama wafungwa, wakibeba matofali ya walioshindwa. Oz anaipigana vita hiyo kila siku peke yake. Jimmy Nail, aliyemwigiza, hakuwa ameigiza kabla ya hapo, na pengine ndiyo sababu haonekani kama mtu anayeigiza.

Kuna wanaochagua ile ya mwanajeshi Mwingereza aliyetoroka jeshi na kuja kujificha kwao, na leo wanashtuka kumwona Ray Winstone akiwa bado kijana. Lakini sehemu inayostahili kurudiliwa kuliko zote, ijapokuwa haina kicheko kingi, ni ile inayorudi Newcastle kuwaonyesha wanawake waliobaki. Filamu nyingi za wahamiaji zinasahau nyumba iliyoachwa. Hii haikusahau. Mtu wa Uvira au Bukavu ambaye ndugu yake yuko machimboni au ng'ambo anajua hesabu ile: pesa zinafika, barua inachelewa, na maneno ya jirani yanafika kabla ya vyote viwili. Dennis mwenyewe anaingia katika mapenzi na Dagmar, Mjerumani wa ofisi ya shantie, na waandishi hawakumfanya shetani wala mtakatifu.

Msimu wa kwanza unaisha kwa kibanda kuungua moto, na serikali ya Ujerumani ikiwa imebadili sheria ya kodi kiasi kwamba kazi ile haina faida tena. Wanaume wanarudi kwao. Hakuna aliyetajirika.

Msimu wa pili, wa mwaka wa 1986, wapenzi wanautazama kwa namna nyingine. Gary Holton, aliyekuwa Wayne, alifariki Oktoba 1985 akiwa na umri wa miaka 33, kazi ya kupiga picha ikiwa haijaisha. Sehemu zilizobaki zilimaliziwa kwa mtu aliyefanana naye, pia kwa kubadilisha maneno ya wenzake ili wamtaje kama mtu aliyetoka kidogo. Anayejua hayo hawezi tena kucheka tu. Anaangalia mgongo wa Wayne na kujiuliza kama ni yeye. Waliporudi mwaka wa 2002, safari hii kwenye BBC, Wayne alikuwa amekufa pia ndani ya hadithi, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana wake. Halafu Pat Roach, yule Bomber, mpiganaji mieleka katika maisha yake ya kweli, akafariki mwaka wa 2004.

Mwaka wa 1983 Uingereza ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Ulaya, na fundi wa Newcastle aliweza kwenda Ujerumani kujenga bila kuomba ruhusa ya kazi kwa mtu. Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilitoka. Leo Dennis, Neville na Oz wangehitaji kibali cha kazi, wangepanga mstari kwa karatasi kama Mkongomani. Wapo wapenzi wanaoliona jambo hilo wanaporudilia sehemu za kwanza, na wapo wasiotaka siasa iguse kicheko chao.

Katika msimu wa 2002 mafundi hao wanabomoa daraja la Middlesbrough, lile la chuma linalovusha magari kwa kitoroli kinachoning'inia juu ya mto Tees, wanaliuza Marekani kwa wenyeji asilia wa Arizona. Baadhi ya watazamaji waliamini kabisa, hata ikabidi watangaziwe kwamba daraja bado lipo mahali pake. Lipo hadi leo. Tangu mwaka wa 2019 limefungwa kwa sababu za usalama, na wanaotaka kuvuka wanazungukia kwingine.